Barua ya wazi: Malaria haimpandi mtoto kichwani, inamkalia barazani

Kwa Waziri wa Afya, wakuu wa taasisi zetu za utafiti wa tiba, wakuu wa vyuo vikuu vya tiba, na Mkuu wa Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa,

Shikamooni mlio wakubwa kwangu; mlio wadogo, nimeshaitikia marahaba. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimevaa sare nyeupe miaka 35, na mingi kati ya hiyo niliimalizia kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja mkoani Tanga. Sasa nakaa Muheza, nina michungwa yangu michache na wajukuu wasionipa usingizi wa mchana. Nina ombi moja, nalo nalitoa sasa hivi ili msome yaliyobaki mkijua ninakoelekea. Wanasayansi wanaochunguza kinga zinazouzunguka ubongo, yaani kuta zinazochuja kipi kitoke kwenye damu kiingie ubongoni, wana makongamano yao. Leteni moja Tanga, na siku yake ya kwanza iendeshwe kwa Kiswahili, wauguzi na mama wa watoto wakiwa wamekaa viti vya mbele.

Mtauliza, kinga za ubongo na Tanga wapi na wapi? Basi nianze na mama mmoja.

Ilikuwa masika, miaka ya mwisho ya klorokwini, dawa yetu ya zamani ya malaria, kila kitanda kina watoto wawili na wengine wako chini kwenye mikeka. Mama huyo alishuka kutoka vijiji vya milimani akiwa na mtoto wa miaka mitatu, amekakamaa, macho yamegeukia juu, nywele zinanuka moshi wa kinyesi cha tembo. Kwa harufu ile nikajua walipitia kwa mganga kabla ya kufika kwetu. Sikumgombeza. Nilishawagombeza wengi kabla yake na sijaona homa iliyoshuka kwa kugombezwa mama. Alikuwa anaogopa sindano, maana aliambiwa kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hamalizi siku. Daktari wa zamu akapita haraka, akamfunua mtoto macho, akasema kama tunavyosema sote: "Malaria imempanda kichwani."

Mama akanishika mkono. "Sista, imepandaje? Imepitia wapi? Na mkiitoa, itatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tumwombe Mungu, nikaenda kumtafutia mshipa mtoto mwingine. Mwanawe alipona. Swali lake nikabaki nalo mimi.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, kutoka kwa kijana niliyemfundisha kushika kanyula, kale kasindano ka dripu, alipokuwa mwanafunzi na ambaye leo ni daktari. Alikaa barazani kwangu, akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuelezwa siku ya kwanza kuingia wodini. Nitayasema kwa lugha niliyoyaelewa mimi, mwanasayansi atakayeona nimemkosea anisahihishe.

Fikirini nyumba zetu za zamani za Pangani na za Tanga mjini. Nje kuna baraza. Mgeni anakaribishwa hapo, anapewa kahawa, anazungumza mpaka jua linapinduka, anaaga na kwenda zake, na ndani ya nyumba hakukujua. Anayeingia ndani ni wa ndani, au aliyepiga hodi akafunguliwa. Ubongo umejengwa hivyo. Sehemu nyingi za mwili, seli zinazounda ukuta wa mishipa midogo ya damu zina nafasi kati yake, na vitu vinapenya. Kwenye ubongo seli hizo zimebanana kama kili za mkeka zilizoshonwa na fundi asiye na papara, na kwa nje seli zenye umbo la nyota zinaukumbatia mshipa kwa miguu yake. Mishipa hiyo midogo ukiinyoosha yote inakadiriwa kufika kilomita 600 hivi: unatoka Tanga mpaka Dar es Salaam, unageuza, na unakaribia tena Segera. Njia yote hiyo ina mlango uliofungwa.

Aliyeligusa jambo hili kwanza ni Mjerumani, Paul Ehrlich, mwaka 1885. Aliwachoma wanyama sindano ya rangi, viungo vyao vyote vikageuka rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Yeye alidhani ubongo hauipendi tu rangi ile. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akafanya kinyume chake mwaka 1913: aliitia rangi moja kwa moja kwenye maji yanayouzunguka ubongo, ubongo ukakolea na mwili wote ukabaki kama ulivyokuwa. Kumbe mlango upo, na umefungwa kwa ndani na kwa nje. Ilibidi kungoja hadubini ya elektroni, mwaka 1967, Thomas Reese na Morris Karnovsky waione mishono yenyewe. Na mlango si mmoja. Kuna mwingine pale yanapotengenezwa maji ya ubongo na uti wa mgongo, karibu nusu lita kwa siku, na kuna utando unaoufunika ubongo wote. Ndiyo maana wenye fani hii husema kinga kwa wingi.

Kwa Kiswahili cha vitabuni naona wanaandika "kizuizi cha damu na ubongo". Sina ugomvi nacho, ila kizuizi ninachokijua mimi ni gogo la mazao barabarani, linamsimamisha kila mtu. Huyu anachagua. Mimi ningemwita bawabu. Sukari ana mlango wake maalumu wa kuipitisha, maana ubongo bila sukari haumalizi nusu saa. Hewa safi inapita. Pombe haipigi hodi, inayeyuka katika mafuta ya ukuta na kuingia, na mnaona wenyewe inavyofika haraka. Piriton nayo inapenya, ndiyo sababu ukiinywa kwa mafua unasinzia kwenye daladala, ilhali dawa za mzio zilizokuja baadaye bawabu anazisukuma nje na mtu anakwenda kazini macho makavu. Haya mambo kila nyumba inayaona. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ni habari moja.

Kuna jambo lililonichoma zaidi. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo tulimpa penisilini kwa vipimo vikubwa, siku nyingi, na siku ya nne anapoanza kucheza mama anaomba ruhusa. "Amepona, sista, nyumbani kuna wengine." Tulikuwa tunajibu kwa ukali: maliza dozi. Kwa nini? Kwa sababu imeandikwa. Kumbe ugonjwa ukiwa mkali ule utando umevimba na umelegea, penisilini inapita kwa wingi. Mtoto akianza kupata nafuu bawabu naye anapata nafuu, anarudi kazini, na dawa sasa inaingia kwa shida wakati vijidudu huenda bado vipo. Ningeweza kumweleza mama yeyote jambo hili kwa dakika mbili. Angebaki. Wapo walioondoka, na sitaki kuwaandika hapa.

Sasa malaria. Tunasema imepanda kichwani, na mzazi anaelewa kwamba mdudu yuko ndani ya ubongo anatafuna. Huyo mdudu hajaingia. Kimelea anaishi ndani ya seli nyekundu ya damu, na seli hiyo anaiotesha ndoana kwa nje. Damu inapopita kwenye mishipa midogo ya ubongo, ndoana zinanasa ukutani. Mwaka 2012 watafiti walizitambua aina za ndoana zinazoambatana na malaria kali kwa kuchunguza vimelea kutoka damu ya watoto wa Tanzania, na mwaka uliofuata ikaonekana zinanasa kwenye protini ya ukuta wa mshipa iitwayo EPCR, ambayo kazi yake ya halali ni kuzuia damu isigande ovyo na kuulinda ukuta usivuje. Yaani mgeni amekaa barazani na amemshika bawabu shingo. Ndani hakuingia hata hatua moja, lakini nyumba nzima inaungua.

Majirani zetu wa Malawi, pale Blantyre, walipata mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapiga picha watoto waliozimia kwa malaria. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu wanalazwa. Uvimbe unaubana ubongo chini kwenye shina, panapoendesha pumzi, na mtoto anaacha kupumua. Waliopona, uvimbe ulishuka, kwa wengine ndani ya siku moja au mbili. Kinacholeta uvimbe huo ndicho wanachobishana hadi leo: mlango umevuja maji yakaingia ndani, au damu iliyonasa imeziba njia ya kutokea na mishipa ikajaa? Mnaona kuwa swali hili ni la mama yule? Imepitia wapi, itatokea wapi. Aliuliza kwa kanga iliyolowa, hajui kusoma, na wenye shahada bado wamelishika.

Nami nawauliza ninyi mlioko juu: kwa nini mazungumzo hayo yanafanyika kila mahali isipokuwa hapa? Moja ya mikutano mikubwa ya fani hii imekuwa ikifanyika katika mji mdogo wa New London, jimbo la New Hampshire, Marekani. Yule kijana wangu daktari aliniambia kwamba huko hairuhusiwi kupiga picha wala kurekodi, na yanayosemwa hayanukuliwi nje, ili mtu athubutu kusema lile ambalo halijaiva. Nawaelewa, hata sisi tuna maneno ya jikoni. Lakini kama yaliyoiva nayo hayatufikii, sisi tutakula nini?

Maana mkoa huu haujakaa pembeni. Amani, huko juu kwenye ukungu wa Usambara, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, na hata leo kituo cha taifa cha utafiti wa tiba kinachobeba jina la Amani kipo Muheza. Muheza na Korogwe zilikuwamo katika ule utafiti mkubwa wa nchi 9 za Afrika, mwaka 2005 hadi 2010, watoto 5,425, uliolinganisha kwinini na sindano ya artesuneti. Waliopewa kwinini walifariki karibu 11 kwa kila 100, waliopewa artesuneti 8 na nusu. Dripu ya kwinini, niliyoitundika kwa mkono wangu mara nyingi kuliko nilivyosuka nywele za binti zangu, ikaondolewa duniani kote kwenye nafasi ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Chanjo ya kwanza ya malaria nayo ilijaribiwa Korogwe, na Bagamoyo pia, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipitisha mwaka 2021. Na huko huko Bagamoyo, miaka ya 1990, watafiti walikaa na wazazi wakasikiliza degedege ni nini kwao: ndege, shetani wa pwani, mafusho, hofu ya sindano. Kazi ile ilifanywa kwa heshima. Ningependa kuona mtu akiirudia, safari hii akiwa na jibu mkononi.

Damu imetoka huku. Maji ya uti wa mgongo yametoka huku. Nakumbuka timu moja, sitaitaja na msinibane, ilikaa wodini kwetu zaidi ya mwaka. Walikuwa watu wazuri, walileta glavu, walileta hata feni. Wazazi waliweka dole gumba kwenye fomu za ridhaa, sisi tulishikilia watoto. Siku ya kutoa matokeo ilifanyika hotelini, kwa Kiingereza tangu dua ya kufungua. Wauguzi wawili tuliokwenda tulikaa nyuma karibu na birika la chai. Nilielewa neno "samples" na neno "Tanga". Mama hata mmoja hakualikwa. Tulirudi na begi la kitambaa na kalamu, na kalamu yenyewe haikuandika.

Mtaniambia malaria inapungua, kwa hiyo hoja yangu imechelewa. Ni kweli imepungua, Alhamdulillah. Watoto wenye vimelea nchini walikuwa 18 kwa kila 100 mwaka 2008, na mwaka 2022 walikuwa kama 8. Wodi niliyoiacha si ile niliyoingia. Ila tatizo lake ni kwamba manesi wapya hawajaona degedege la kutosha kulitambua likiwa bado changa. Huko Malawi, walipowapasua watoto 31 waliodhaniwa wamekufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikuwa na sababu nyingine kabisa. Macho ya mtoto, ukiyachungulia kwa kifaa na kuona nyuma ya jicho, yanaweza kukuonyesha kama ni malaria kweli, kwa sababu mishipa ya pale ni ndugu wa mishipa ya ubongo. Ni wauguzi na matabibu wangapi wa wilaya zetu wana kifaa hicho, na wangapi wamefundishwa kukitumia? Hilo peke yake lingetosha kuwa somo la asubuhi nzima.

Na waliopona je? Uganda walifuatilia, na mwaka 2008 wakaandika kwamba mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alibaki na upungufu wa akili ya kukumbuka au kuzingatia, miaka miwili baadaye. Mwana wa yule mama ninamfahamu mpaka leo. Shule alikuwa mzito, anasoma mstari anaurudia. Alichapwa sana kwa uzito huo. Hakuna aliyemwambia mwalimu kwamba huyu aliwahi kulala siku tatu hajitambui, na mimi niliyejua sikujua kwamba yanahusiana.

Kuna watakaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi hii. Nimeandika ukurasa mzima hapo juu, neno lililonishinda ni EPCR tu, na hilo hata Wazungu limewashinda, ndiyo maana wamelifupisha.

Fedha zipo ngumu, najua. Sidai jumba la kioo. Tanga kuna kumbi, kuna hoteli za Raskazone zenye upepo, na kuna wali wa nazi ambao New Hampshire hawana. Wageni walale wanapotaka. Siku zao nne wazungumze Kiingereza chao na protini zao, siwaingilii. Siku ya kwanza ndiyo nayoomba: mfasiri mzuri anayelipwa, vipaza sauti vinavyofanya kazi, nauli kwa wauguzi wa Lushoto, Handeni, Kilindi, Pangani na Mkinga, na kina mama wasiopungua hamsini, wenye watoto waliopona na waliofiwa. Waganga wa kienyeji nao waiteni, msiwafiche, maana mtoto huanzia kwao. Wanasayansi wasimame waeleze mlango ulivyo, kisha waulizwe. Waanze na manjano ya watoto wachanga kama wanaogopa malaria: rangi ile ikizidi kwenye damu inapenya mpaka ubongo wa kichanga na kumwachia ulemavu wa maisha, na bado tunawaambia mama wamwanike kichanga kwenye jua la asubuhi na kurudi nyumbani. Msiifanye mwezi wa nne, barabara za milimani hazipitiki.

Mama niliyemtaja yupo hai, anauza machungwa Muheza. Kijana wake sasa ana bodaboda, ndiye anayenipeleka kliniki ya presha. Nilipomwambia naandika barua hii alisema wageni atawatoa stendi bure, isipokuwa wenye mabegi makubwa.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga